Kiraka cha Ufizi

Asubuhi niliyoondoka Saza sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimekaa miezi minne nikichekecha mchanga mtoni pamoja na watu wanane, na dhahabu yote niliyoipata ingetosha juu ya ukucha mmoja. Lakini sikuondoka kwa sababu hiyo. Niliondoka kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujua kazi ile inavyofanyika, na mimi nikishalijua jambo, miguu huanza kuwasha. Ndivyo nilivyoacha shule darasa la tano, na ndivyo nilivyoacha kuchoma matofali Mbalizi. Nilikunja blanketi, nikainama mtoni kusukutua. Maji ya baridi yalipogusa meno yangu mawili ya chini ya mbele, nilishika jiwe kwa mikono yote miwili mpaka maumivu yakapita.

Maumivu hayo nilikuwa nayo tangu mwaka uliotangulia, na chanzo chake nilikijua nusu tu. Kwa misimu mitatu ya kahawa nilikuwa mshonaji wa magunia huko Mbozi. Mshonaji ana sindano kubwa, shazia, na uzi wa katani. Ukifika mwisho wa gunia lazima uzi ukatwe. Wapo waliotumia kisu, lakini kisu hukishiki mpaka uweke shazia chini, na lori linasubiri. Wenye haraka tulikata kwa meno: unauma uzi, unavuta kwa mkono, unakatika. Gunia baada ya gunia, msimu baada ya msimu, uzi ule ulikuwa ukipita palepale kwenye ufizi kama msumeno mdogo. Tena dawa ya meno haikuonekana madukani miaka ile, nami kila asubuhi nilisugua kwa kijiti na mkaa, kwa nguvu zote, nikidhani nguvu ndiyo usafi. Ufizi ukashuka. Meno mawili yakawa marefu kuliko wenzake, na chini yake ikaonekana sehemu ya njano ambayo haikuumbwa kuonekana. Wenzangu wa Saza walisema naota meno ya punda.

Nilipata lori la magogo hadi barabara kuu, na kesho yake jingine lililonishusha Mbozi. Pale, nje ya hospitali ya misheni, niliona foleni ndefu. Aliyeishi miaka ile atanielewa: ukiona foleni unaingia kwanza, kuuliza ni baadaye. Niliingia. Nilisimama kama nusu saa ndipo nikamwinamia mama aliyekuwa mbele yangu, amejifunga kanga kichwani hadi kidevuni.

"Mama, leo kuna nini? Sukari?"

Aligeuka taratibu kama mwenye mzigo kichwani. "Sukari gani, baba? Sisi ni wa meno."

"Sabuni je, haipo?"

Mzee mmoja nyuma yangu alicheka, kisha akashika shavu akajuta. "Kaa humohumo," akasema. "Hata wewe nakuona unazo dalili. Funga mdomo, upepo usiingie."

Nilibaki. Daktari wa meno alikuwa Mzungu, mwanamke wa umri wa mama yangu, aliyezunguka hospitali za misheni za mkoa na kufika kila moja mara chache kwa mwaka. Wagonjwa walimwita Mama Meno. Tulikaa kwenye benchi refu la mninga, na kila mlango ulipofunguliwa tulisogea makalio hatua moja, watu ishirini kwa mpigo. Ukikaa kwenye benchi la namna hiyo unajifunza kwamba watu hushika maumivu kwa namna zao: wengine hufumba macho, wengine huhesabu vigae, na yule mzee alikuwa akisimulia bei za ng'ombe bila kuulizwa.

Mama Meno alinitazama kwa kioo kidogo chenye mpini, akapima ufizi kwa kijiti cha chuma chenye alama. Alisema meno hayajaoza. Ufizi ndio uliokimbia.

"Umekimbilia wapi?" nikauliza.

Alicheka, akavuta kiti. Alinieleza kwa Kiswahili cha polepole kwamba ufizi ukishashuka haurudi wenyewe. Nikiacha, meno yatalegea, na kwa jinsi yalivyo sasa hayatamaliza miaka miwili. Au anaweza kukata kipande cha nyama kwenye paa la kinywa changu, kwenye kaakaa, akakishonea mbele ya meno yale kama kiraka. Kikishika, kitazuia ufizi usiendelee kushuka, na huenda kikafunika sehemu ya jino iliyo wazi.

"Kwa nini asikate pajani, ambako kuna nyama nyingi?" nilimwuliza msaidizi wake, Ndugu Mwazembe.

"Paja lina nywele, ndugu yangu. Unataka kunyoa ufizi?"

Nilikubali. Kusema kweli nilikubali nusu kwa ajili ya meno, nusu kwa kutaka kuona jambo hilo linafanyikaje. Lakini usiku ule nilipolala kwenye ukumbi wa wagonjwa wa mbali niliwaza zaidi. Mtu kama mimi, asiye na shamba wala barua ya mwajiri, anapobisha hodi kwa watu wasiomjua hupimwa uso kwanza. Kijana mwenye pengo mbele hudhaniwa mlevi au mgomvi. Na wakati ule mgambo walikuwa wakikamata wazururaji. Bila meno yale nisingeweza kuishi nilivyozoea kuishi. Hilo ndilo lililokuwa hatarini.

Mama Meno alinipa sharti: nirudi baada ya wiki mbili, na niwe na mahali pa kukaa ambapo mtu atanipikia chakula laini. "Una kwenu?" aliuliza.

"Nina dada, yuko Tunduma."

Dada Rehema ni mkubwa kwangu kwa miaka sita. Aliolewa Chapwa, mtaa wa Tunduma, na Ramadhani, mfanyabiashara kutoka Kigoma mwenye lori moja bovu alilolipenda kama mtoto. Rehema alinivuta mlangoni, kwenye mwanga, akanishika kidevu.

"Miaka ishirini na saba, meno ya babu," akasema. "Na bado unacheka."

"Shemeji amekuja kupumzika," alisema Ramadhani kutoka ndani. "Sijui amechoka na nini."

Operesheni ya kwanza ilifanyika mwezi wa saba, vumbi likiwa jingi na baridi inauma. Nitaeleza kwa ajili ya yule anayeogopa. Kinachouma ni sindano ya ganzi, hasa ile ya kaakaa. Nilihisi kama msumari. Baada ya hapo husikii maumivu, unasikia kuvutwa tu. Niliomba kioo nitazame. Ndugu Mwazembe alikataa, Mama Meno akaruhusu. Niliona akikata kipande chembamba, kidogo kuliko punje ya hindi iliyolazwa, cheupe kuliko nilivyotarajia. Alikisafisha, akakilaza mbele ya meno, akakishona kwa sindano iliyopinda kama ukucha wa paka. Mishono sita. Nilitaka kumwambia kwamba fundo lake la mwisho ni lilelile letu la gunia, lakini mdomo ulikuwa umejaa pamba. Kisha alibandika juu yake dawa ya waridi kama unga uliokandwa.

Hakuna aliyekuwa ameniambia, kwa hiyo nakwambia wewe: kidonda cha juu kilipokatwa nyama huuma kuliko cha chini kilikoshonewa. Ulimi unakwenda huko wenyewe, kama nzi. Kwa siku nne nilikunywa uji uliopoa, mtindi, na supu ya viazi aliyoiponda Rehema mpaka ikawa kama rangi ya ukuta. Mdomo wa chini ulivimba nikawa nadondosha mate nikiongea. Nilisukutua kwa maji ya chumvi bila kutikisa sana, nikiyaacha tu yadondoke. Watoto wa Rehema waliniogopa, kisha wakazoea, kisha wakaanza kuniiga.

Siku ya sita Ramadhani aliingia na kofia mkononi. Alikuwa na mzigo wa kahawa kijiji cha Ruanda, kule Mbozi, lori la pili limekwisha kukodiwa, na mshonaji hakutokea.

"Shemeji, twende ukanishonee magunia machache."

"Ameambiwa asifanye kazi," alisema Rehema.

"Kidonda kiko mdomoni. Mikono ina nini?"

Rehema alinitazama mimi. Ningeweza kukataa. Lakini nilikuwa nimekaa siku sita nikitazama ukuta uleule, nami nikaona mantiki ya shemeji ni nzuri. Nikapanda lori.

Nilishona vizuri. Kisu nilikuwa nacho, nimekifunga kiunoni makusudi kwa kamba. Magunia kumi na matano ya kwanza nilikata kwa kisu. Kisha lori jingine likafika nyuma yetu, dereva akaanza kupiga honi, Ramadhani akawa anasema haya haya haya, na mikono yangu ikarudi ilikozoea. Nilivuta fundo, nikainamisha kichwa, nikauma uzi, nikavuta.

Sikusikia maumivu makubwa. Nilisikia kitu kimefunguka. Ile dawa ya waridi ilianguka juu ya gunia, damu ikafuata, na nilipogusa kwa kidole nilikuta kiraka kinaning'inia kwa mshono mmoja.

Ramadhani aliacha kahawa yake palepale Ruanda, akanipeleka hospitali. Njiani alisema mara moja tu: "Nilikuona ukitumia kisu."

"Nilikuwa natumia kisu," nikajibu kupitia kitambaa.

Kwa bahati Mama Meno alikuwa bado hajaondoka. Hakunigombeza. Alitoa kile kilichobaki, akasafisha, kisha akauliza nilikuwa nikifanya nini. Nilimweleza. Akaniomba nimwonyeshe hasa, kwa bandeji na kalamu, namna gunia linavyoshonwa na uzi unavyoumwa. Alitazama mpaka mwisho. "Basi ndiyo maana," akasema. "Nilidhani ni mswaki tu." Kisha akasema upande wa pili wa kaakaa unaweza kukatwa, lakini tusubiri cha kwanza kipone vizuri, mpaka mwezi wa kumi na moja. "Na mara hii ndiyo ya mwisho, Lameki. Isiposhika, sitashona tena. Tutang'oa yote mawili."

Tulirudi Chapwa. Rehema alipika, alipakua, hakusema na mumewe wala na mimi. Siku ya tatu ndipo Ramadhani alipoweka kijiko chini.

"Mama Zuhura, nisamehe basi. Sikujua mtu anaweza kushona kwa meno."

"Hukujua? Umeajiri washonaji miaka kumi."

"Nilikuwa nawatazama mikono."

Rehema alinigeukia. "Na wewe. Yeye hakujua, wewe je?"

Mwili una kazi zake unazozifanya bila kukuuliza. Kama unafanyiwa matibabu haya, usijiamini kwamba utakumbuka. Kaa mbali kabisa na kile ulichokuwa ukikifanya kwa mdomo, iwe uzi, kamba, chupa ya soda au misumari ya seremala.

Nilisubiri mwezi wa nane, wa tisa na wa kumi. Sijawahi kukaa mahali pamoja kwa hiari muda mrefu hivyo. Mama Meno alikuwa ameagiza mswaki laini, niupitishe kutoka ufizini kwenda juu, bila kukandamiza. Tunduma nzima hakukuwa na mswaki, laini wala mgumu. Bana Chanda, mama wa Kizambia aliyekuwa akivuka mpaka kila Jumatano na vitumbua vyake, alisikia shida yangu kwa Rehema. Wiki iliyofuata alikuja na mswaki wa kijani ndani ya karatasi.

"Mulishani, wa ameno," alinisalimia, yaani hujambo, wewe wa meno. Tangu siku hiyo soko zima lilinisalimia hivyo. Mswaki ulikuwa mgumu kama wa viatu. Tuliuloweka kwenye maji ya moto usiku na mchana mpaka ukalegea. Bana Chanda alikataa nauli na bei, akataka tu nimweleze kwa kirefu jinsi nyama ya juu inavyohamia chini. Nilimweleza mara tatu, kila mara mbele ya watu wengine aliowaleta.

Mvua za kwanza zilinyesha wiki ya operesheni ya pili. Ramadhani alinipeleka mwenyewe, akakaa kwenye lile benchi la mninga kutoka asubuhi hadi saa nane, akisogea pamoja na wagonjwa ingawa hakuwa na namba. Mara hii sikuomba kioo. Nilifumba macho nikasikiliza mvua kwenye bati. Niligundua kwamba naogopa, jambo ambalo mara ya kwanza sikulipata, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa na udadisi mahali pa hofu.

Rehema alinipangia kazi za kukaa: kuchambua mawe kwenye mchele, kupukuchua maharage, kusimamia masomo ya Zuhura, binti yake. Shazia na uzi aliviondoa nyumbani kabisa, akampelekea jirani. Siku ya kumi dawa ya waridi ilitoka yenyewe, nasi tukaona kiraka. Kilikuwa cheupe. Siku mbili baadaye kikawa cha kijivu, na ngozi ya juu ikaanza kuambuka kama ya samaki aliyechemshwa.

"Kimeoza," alisema Rehema. Alikaa chini.

Jirani alishauri kipakwe ugoro. Mwingine alisema kiondolewe kabla sumu haijapanda kichwani. Mimi mwenyewe nilikuwa na hamu ya kukigusa iliyonitoa jasho. Nilitaka kujua tu kama kinacheza. Nilikalia mikono yangu, na si kwa mfano, nilikaa juu yake kwenye kigoda. Ramadhani ndiye aliyeuliza swali la maana. "Kinanuka?"

Rehema alinusa mdomo wangu, jambo ambalo ni dada tu anaweza kulifanya. "Hapana. Kinanuka chumvi."

"Kilichooza kinanuka," alisema Ramadhani. "Nimebeba samaki mwaka mzima. Mwacheni."

Tuliacha. Siku ya kumi na nne, chini ya ule ukijivu, ilionekana nukta nyekundu, kisha ya pili. Zuhura ndiye aliyeziona, kwa macho yake makali. Wiki iliyofuata ngozi mfu ilikuwa imekwisha kutoka na chini yake palikuwa na ufizi, umevimba kidogo, rangi imepauka kuliko majirani zake, lakini ni ufizi. Mama Meno alipokata nyuzi alisema ngozi ya juu hufa hivyo kwa watu wote, na kwamba aliniambia. Inawezekana aliniambia. Ukiwa na ganzi na pamba mdomoni husikii kila kitu. Nenda na mtu akusikilizie.

Mwezi wa tatu, mahindi mabichi yakiwa mashambani, alinipima tena kwa kijiti chake. Kiraka kilifunika zaidi ya nusu ya sehemu iliyokuwa wazi. Sehemu iliyobaki haitafunikwa, alisema, na maji ya baridi yataendelea kunikumbusha. Alishika jino moja moja akalisukuma. Hayakucheza. "Nataka kuyaona tena mwezi wa tisa," akasema, "ila mwezi huo nitakuwa kwenye hospitali ya Ileje, milimani. Utafika?"

Nilisema nitafika. Nilikaa Chapwa hadi mvua zikaisha, nikimsaidia Ramadhani kupakia, si kushona. Kisha miguu ikaanza. Rehema aliona kabla yangu. Alinifungia chumvi kwenye kitambaa, akaniambia, "Nenda, lakini nenda upande huohuo wa daktari." Sikuwa nimewahi kuondoka mahali nikiwa na upande.

Nilitembea na kupanda malori siku mbili. Ileje kuna baridi tofauti, yenye unyevu, na migomba hufika hadi mlangoni. Jioni nilibisha hodi kwenye nyumba ya Mzee Kibona, mkulima wa kabila la Wandali, ambaye watu wa njiani waliniambia ana chumba kitupu. Alikuwa akinoa jembe. Mkewe alisimama nyuma yake na ungo. Nilijitambulisha, nikasema nafanya kazi yoyote ya mikono. Walinitazama usoni kama watu wanavyotazama, mama yule akanitazama mdomo nilipokuwa nikisema, kisha akaendelea kupepeta.

"Wageni wa barabarani hukaa siku mbili wakaondoka na kitu," alisema Mzee Kibona. "Wewe utakaa siku ngapi?"

Swali hilo nimeulizwa kila mahali tangu nilipoacha shule, na sikuzote nilijibu kwamba Mungu ndiye ajuaye.

"Mpaka mwezi wa tisa," nikasema. "Nina miadi hospitali."

Alihesabu kwa vidole akiwa bado ameshika tupa. Kisha akainuka, akasukuma mlango wa chumba cha uani. Kilikuwa na kitanda cha miti, na ukuta wa nyuma ulikuwa umebomoka udongo ukabaki fito tupu.

"Kwa miezi yote hiyo huwezi kulala na upepo," akasema. "Kesho tutachimba udongo, ukandike."

Mkewe alileta maji ya moto kwenye kopo na ndizi zilizochemshwa. Nilisukutua kwa chumvi uani, nikala, nikalala upande ambao ukuta ulikuwa mzima.